Maswali ya Wasomaji: Nasaba za Kwenye Televisheni na Nasaba Zetu

Barua kadhaa nilizopokea kutoka kwa wasomaji wa Dar es Salaam zinahusu vipindi vya televisheni ambavyo mtu mashuhuri husafirishwa huku na huko kutafuta chimbuko la ukoo wake. Nimechagua tano na kuzifupisha.

Swali, kutoka Tabata: Katika vipindi hivi mgeni huingia maktaba, hufunguliwa kitabu kimoja tu, na jina la babu yake liko hapo hapo. Je, ni kweli au ni maigizo?

Jibu: Nyaraka ni za kweli; kinachopangwa ni namna zinavyofunuliwa. Kipindi cha BBC kiitwacho Who Do You Think You Are?, kilichoanza mwaka 2004 na kuigwa katika nchi nyingi, huwa na watafiti wanaopekua rejista muda mrefu kabla kamera haijawashwa, kiasi kwamba mshangao wa mgeni unaweza kuwa wa dhati ilhali anayemfungulia kitabu anaujua ukurasa. Aidha, si kila ukoo hufika hewani. Mtangazaji Michael Parkinson alieleza mwaka 2009 kwamba watafiti walifuatilia ukoo wake kwa wiki kadhaa, kisha wakamwarifu kuwa hawakuona lolote la kusisimua. Mtazamaji, basi, huonyeshwa koo zilizochujwa. Vilevile asibabaishwe na ufalme: mwaka 2016 mwigizaji Danny Dyer, mtoto wa mashariki ya London, alionyeshwa kuwa ni wa uzao wa Mfalme Edward III, aliyefariki mwaka 1377. Kwa kuwa idadi ya wahenga huongezeka maradufu kila kizazi, ukirudi vizazi 20 unapata nafasi zaidi ya milioni moja, na Waingereza wengi wana mfalme huyo mahali fulani. Kilicho adimu ni hati za kuthibitisha hivyo kizazi baada ya kizazi.

Swali, kutoka Kigamboni: Kwa nini Wamarekani weusi katika vipindi hivi hukwama kila mara kwenye mwaka 1870?

Jibu: Kwa sababu sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza kufanyika baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, na ndiyo iliyowaandika kwa majina watu waliokuwa watumwa. Katika sensa za 1850 na 1860 liliandikwa jina la mmiliki, na chini yake umri, jinsia na rangi ya kila mtumwa, pasipo jina. Ndiyo maana kipindi cha Finding Your Roots, kinachoongozwa na Profesa Henry Louis Gates Jr. kwenye PBS, televisheni ya umma ya Marekani, tangu 2012, hugeukia wosia, hati za mauzo na orodha za mali za marehemu, ambamo watu wameorodheshwa pamoja na ng'ombe na samani.

Kipindi hicho kiliwahi kupata msukosuko. Mwaka 2015 barua pepe zilizovuja zilionyesha kwamba mwigizaji Ben Affleck aliomba habari za mhenga wake aliyemiliki watumwa zisitajwe, nazo hazikutajwa. PBS ilichunguza, ikaona kanuni zimekiukwa, ikaahirisha msimu uliofuata. Binafsi sikumshangaa sana. Kwetu pwani ombi kama hilo lingetoka katika sebule nyingi, tena kutoka pande zote mbili: kwa wajukuu wa waliomiliki na kwa wajukuu wa waliomilikiwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922, na kwa hiyo wapo wazee walio hai ambao bibi zao walizaliwa utumwani. Mtafiti atakayeuliza habari hizo mbele ya kadamnasi atajibiwa kwamba ukoo ulitoka Uarabuni au Uajemi, na mazungumzo yataishia hapo.

Swali, kutoka Mbagala: Jina langu la tatu ni la babu, na zaidi ya hapo sijui kitu. Naanzia wapi?

Jibu: Anzia hapo hapo kwenye majina. Uingereza jina la ukoo hushuka karne kwa karne bila kubadilika, na vipindi vyao vyote vimejengwa juu ya msingi huo. Kwetu wengi tuna jina letu, la baba na la babu, na kila mtoto anapozaliwa mnyororo husogea hatua moja. Kwa hiyo cheti chako kinakufikisha kwa babu, cha baba yako kinakufikisha kwa baba wa babu, na hati yoyote ya babu, iwe ya ubatizo, ya ndoa, ya kiwanja au ya shauri la mirathi, inasogeza hatua nyingine. Koo za Kilimanjaro zenye jina moja la kudumu zina nafuu hapa, ila zina tatizo la watu wengi mno wenye jina lile lile.

Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, una rejista za vizazi, ingawa wazee wetu wengi hawakusajiliwa. Makanisa ya kale yana rejista za ubatizo. Wamisionari Wakatoliki walifika Bagamoyo mwaka 1868. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina majalada ya Wajerumani na Waingereza, lakini usitarajie mengi kuhusu mkulima wa kawaida, kwa kuwa majalada hayo huzungumzia zaidi machifu, kodi na mashauri. Hata Kariakoo, iliyopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ni ukumbusho wa maelfu waliokufa bila majina yao kuwekwa kaburini.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni ya mdomo, na hapo namna ya kuuliza ndiyo kila kitu. Ukimwambia mzee akupe historia ya ukoo, atakupa maneno ya jumla. Muulize alirithi jina la nani, nani aliongoza kikao cha mirathi babu alipofariki, ni watu gani walifika kwenye arobaini na walitokea wapi. Muulize pia familia iliishi wapi kabla ya kuhamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, maana watu walihama na makaburi yakabaki. Na kama asili yenu ni Waluguru au Wamakonde, ambao kwa mila huhesabu ukoo upande wa mama, kufuata majina ya kiume peke yake kutakupeleka kwenye ukoo usio wenu.

Swali, kutoka Sinza: Kaka yangu aliyeko Uingereza amepima vinasaba akaambiwa asili yake kubwa ni Kongo. Sisi ni Wanyamwezi. Tumwamini nani?

Jibu: Mwaminini bibi. Asilimia hizo hupatikana kwa kumlinganisha mpimwaji na sampuli za watu wa leo, sampuli za Afrika bado ni chache, na majibu hubadilika kampuni inapoongeza nyingine. Kinachoaminika zaidi ni kipimo hicho kumtambua ndugu wa karibu, na hilo lina hatari yake: linaweza kufichua baba asiyetarajiwa. Kwa hapa nchini vipimo vya vinasaba vya binadamu vinasimamiwa kwa sheria ya mwaka 2009, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Swali, kutoka Temeke: Ninasomea utayarishaji wa vipindi. Je, kipindi kama hiki kinawezekana hapa?

Jibu: Kinawezekana, na si lazima kiwe na mtu mashuhuri, dereva wa daladala au mama lishe atatosha. Mkataba useme wazi kwamba mgeni hana ruhusa ya kumfuta mhenga yeyote. Ila usianze na studio. Mzee aliyezaliwa miaka ya 1930 huenda alilelewa na babu aliyezaliwa kabla Wajerumani hawajafika, na hakuna jalada linaloweza kushika nafasi ya mzee huyo. Azima kamera, mrekodi sasa, fedha za kipindi utazitafuta baadaye.