Sugu si ganzi

Makete, Julai

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho kwa miwani ya mama yako. Umesema mfanyakazi uliyemnyima ruhusa ya kwenda msibani kakuita "callous", unauliza kama ndiyo katili.

Siyo. Katili anautaka uchungu wako. Aliye callous hausikii tu. Unajua ninavyosema siku zote, kila neno lina mwili. Hilo limetoka kwenye Kilatini, callum, ngozi iliyokakamaa. Ngozi yenyewe Waingereza huandika "callus", tabia wanaiongezea o, matamshi yaleyale. Wanafunzi wangu walikosea hapo mpaka nikastaafu.

Kwetu ni sugu. Ila sugu yetu ina nyuso nyingi: kuna mdaiwa sugu, kuna maradhi sugu, na Mbeya Mjini walimpa yule msanii anayejiita Sugu ubunge mwaka 2010, wakarudia 2015, wala hawakuwa wanamtukana. Callous haina uso huo wa kucheka. Sijaona aliyeitwa hivyo akashukuru.

Wala usiichanganye na "numb". Hiyo ni ganzi, nayo ina mwili wake: imetoka kwenye kitenzi cha Kiingereza cha kale cha kutwaa. Umetwaliwa, kama vidole vyako asubuhi ile ya sakitu, unalia vifungo vya sweta havifungiki. Ganzi hupita, na ikipita inachoma.

Nikaikumbuka mikono ya bibi yako, uliyerithi jina lake. Si alikuwa anaipua sufuria bila kitambaa? Babu yako tulimzika Jumatano. Alhamisi alfajiri nikamkuta bibi shambani, anakusanya viazi vilivyochimbwa vikaachwa hapo tangu mzee alipozidiwa. Chozi hakuwa ametoa hata moja. Nikamwambia, mbele ya shangazi zako, "Mama, moyo wako ni jiwe?" Akajibu bila kuinuka, "Baridi itaviharibu."

Usiku ule sakitu ikaanguka kweli. Matanga yote tukala viazi vyake, na shangazi zako ndio waliokula kuliko wote, niseme nisiseme.

Miaka mingi nimejiambia ilikuwa ganzi. Lakini mwenye ganzi hakumbuki viazi. Basi sugu? Sugu gani hiyo, mtu anafua koti la marehemu kila mwezi na hakuna wa kulivaa? Sijui. Ninalojua ni kwamba neno lile nililitamka mimi, mwalimu wa lugha, na sikulirudia kuliomba radhi.

Kuhusu huyo mfanyakazi wako sitaki kuhukumu, ingawa ulimi unaniwasha. Kazi ni kazi, na wewe ndiye unayejua ameshaomba ruhusa mara ngapi.

Mama yako anakusalimu. Ila msiba wenyewe, hukuniandikia, ulikuwa wa nani?

Baba