Jibu: Skana ya leza inasoma karibu, rafu ya juu inagoma

Mkuu, umesema skana yako ya misimbo pau (barcode) inasoma vizuri ukiisogeza sentimita 15, ila ukiielekeza rafu ya juu inachora mstari mwekundu tu, hailii. Fundi naye kakwambia leza imechoka, ununue mpya. Usinunue kwanza.

Mwaka wa tisa huu nafungua skana za maghala na maduka ya dawa, na leza iliyochoka kweli nimekutana nayo mara chache mno. Kama mstari bado unang'aa kwenye karatasi, chunguza mwanga unaorudi. Weupe wa lebo unaurudisha ukitawanyika kila upande, na skana inaokota kidogo tu. Ukitoka sentimita 20 ukaenda 80, umbali umekua mara 4 lakini mwanga unaoifikia skana umebaki sehemu 1 ya 16. Kuongeza nguvu ya leza si jawabu, kwa sababu ya macho ya watu: skana nyingi za mkononi ni daraja la 2 la usalama wa leza, na mwisho wake ni miliwati 1.

Kwa hiyo mzigo wote unabebwa na kioo cha kukusanya mwanga. Kwenye nyingi nilizofungua ni kipande kilichobonyea kama kijiko, upana wa kidole gumba, kinachotikisika pamoja na leza. Hapo ndipo penye ufundi ninaoupenda. Kioo kimelengwa kwa lebo ya mbali: mwanga wake hafifu unakutana kwenye nukta ndogo na kuingia wote kwenye kipokezi, kile kijicho kinachopokea mwanga. Lebo ikiwa karibu, mwanga unakutana nyuma ya kipokezi, kwa hiyo unakifikia ukiwa umetanuka na mwingi unapita pembeni. Ni makusudi, maana mwanga wa karibu ni mwingi mno, ungeizidi amplifaya inayokuza ishara ya kipokezi. Sasa vumbi likikaa kwenye kioo, kwa karibu hutaona dalili yoyote kwa kuwa ziada ipo. Kwa mbali hakuna ziada ya kupoteza, inagoma. Ndiyo hali yako hiyo.

Niliwahi kuletewa skana ya ghala la unga, dirisha lake linalopitisha leza linameta kwa nje. Nilipofungua, upande wa ndani ulikuwa na utando mweupe, na kioo vilevile. Nilitumia kitambaa cha miwani na tone la spiriti, nikapangusa bila kukandamiza, maana kile kibanzi kinachobeba kioo ni chembamba sana. Ikasoma rafu ya juu siku hiyohiyo.

Kile kigae chekundu kilicho mbele ya kipokezi usikiguse. Kuna mtu alikitoa akidhani mwanga utaingia mwingi zaidi. Uliingia kweli, ila wa taa za dari, ukaizamisha leza.

Usisahau lebo. Mistari myembamba ya EAN-13 ya kawaida, msimbo wa bidhaa za dukani, ni milimita 0.33, na kwa mbali nukta ya leza inaizidi upana. Za rafu ya juu chapisha Code 128, aina nyingine ya msimbo pau, yenye mistari minene. Selotepu ya kung'aa bandua. Kama unataka kusoma kutoka mita kadhaa, zipo lebo za karatasi inayorudisha mwanga ulikotoka, kama vibao vya barabarani.

Ukishafungua, piga picha ya kioo kabla hujapangusa uiweke hapa tuione.