Maswali na majibu: "Mtaa mzima utakuteka"

SWALI: Assalam aleikum, Mwalimu. Mdogo wangu anamdai jirani yetu hapa Kibokoni. Alipochoka kuzungushwa akamwandikia kwa WhatsApp: "Endelea hivyo, mtaa mzima utakuteka." Sasa ana kesi ya vitisho, na tafsiri ya Kiingereza iliyo kwenye faili inasema mtaa utamteka nyara. Mwenyewe anakubali ujumbe ni wake. Kuna mtu tumempata nje ya mahakama, anasema kwa shilingi 30,000 atatupa cheti cha mtaalamu wa lugha kinachothibitisha kwa asilimia 100 kwamba si yeye aliyeandika. Tumlipe?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Msimlipe hata senti. Mdogo wako ana utetezi wa kweli, nanyi mwataka kuutupa mnunue uongo.

Kwetu Mvita, yaani Mombasa, kuteka ni kucheka, kama vile macho ni mato, mchele ni mtele na kuficha ni kufita. Aliyetafsiri alilisoma neno kwa Kiswahili sanifu, ambako kuteka ni kuchota maji au kukamata kwa nguvu; maji hayakuingia hapo, akachukua maana iliyobaki. Wakili wenu aombe mtafsiri huyo aitwe ahojiwe. Aombe pia mazungumzo yote yatolewe, si mstari mmoja, kwa sababu jibu la jirani lina uzito: anayeogopa kutekwa nyara hajibu kama anayeogopa kuchekwa. Kisha aitwe shahidi anayeijua lahaja, alieleze neno. Hilo isimu, yaani taaluma ya lugha, inaliweza vizuri.

Kinachoniudhi ni hicho cheti. Haupiti mwezi sijaletewa kimoja, na kila anayekileta ameaminishwa kwamba maandishi ya mtu ni kama alama za vidole vyake. Si kweli hata kidogo. Kidole hakibadiliki ukimgusa mama au ukimgusa mwajiri, uandishi hubadilika. Ili nilinganishe nahitaji maandishi mengi ya mshukiwa, ya aina ileile na ya wakati uleule, na nijue pia wenzake wanavyoandika. Ujumbe wa maneno matano hautoshi. Neno "utakuteka" lanionyesha mji. Mtu halinionyeshi, maana nusu ya Kibokoni ingeliandika vivyo hivyo. Tena simu hujirekebishia maneno yenyewe, na nyumbani hushikwa na mikono mingi. Sasa hiyo asilimia 100 imetoka wapi?

Wauza vyeti hawa hupenda kumtaja Derek Bentley, kijana aliyenyongwa Uingereza mwaka 1953, wakisema mtaalamu wa lugha ndiye aliyemsafisha. Mtaalamu huyo, Malcolm Coulthard, aliyachunguza maelezo yaliyodaiwa kuwa maneno ya Bentley mwenyewe. Akaona neno la Kiingereza lenye maana ya "kisha" limejirudia mno, tena likija baada ya "mimi", mtindo ambao polisi huutumia wanapoandika maelezo. Hilo alilipata kwa kulinganisha na maelezo ya polisi wengine na ya mashahidi wa kawaida. Na Mahakama ya Rufaa ilipoifuta hukumu mwaka 1998, sababu kubwa ilikuwa jinsi jaji alivyoliongoza baraza la wazee wa mahakama. Hizo habari hawawaambii.

Hutumia pia neno "cheti" kuwababaisha watu. Cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinahusu jinsi nakala ya kielektroniki ilivyotolewa kwenye kifaa. Hakisemi nani aliandika. Maoni ya mtaalamu ni jambo jingine, na hakimu halazimiki kuyakubali.

Fikiri itakavyokuwa kizimbani. Mdogo wako anakubali, cheti kinakana. Mwendesha mashtaka akiviweka pamoja, hata lile la kweli kuhusu kuteka halitasikika tena, na atakayeapa kwa karatasi hiyo atakuwa ameapa uongo.

Wanaouza "ripoti ya sauti" kutokana na sekunde chache za rekodi ni walewale. Mtaalamu halali huanza kwa kuomba vitu: simu yenyewe, maandishi mengine, muda wa kusoma. Akishayaona, huenda akawaambia hawezi kusema lolote, na jibu hilo ni la kitaalamu. Lakini mtu akiwatajia matokeo kabla hajasoma hata mstari, ondokeni. Na kwenye simu ya mdogo wako msifute kitu.