Bakteria wa chupa watamaliza zebaki shambani?

SWALI: Mtaalamu habari za kazi. Niko Geita, nina kiwanja jirani na mwalo wa zamani, pale wachimbaji walikuwa wanaosha marudio (mchanga uliobaki baada ya kuchenjua dhahabu) na kukamatisha dhahabu kwa zebaki miaka kibao. Sasa kapita jamaa anauza bakteria wa kwenye chupa, anadai ukimwagia wanakula zebaki yote, msimu ujao unalima mchicha na kule bondeni unaweka mpunga. Ninunue au napigwa?

JIBU: Unapigwa ndugu yangu. Oili chafu ikimwagika bakteria wanaweza kuila kweli maana inavunjika, ila zebaki, risasi na kadimi ni elementi, yaani vitu vya msingi, hazivunjiki, bakteria anachoweza ni kuibadilisha hali yake au kuihamisha tu. Wapo wenye enzaimu ya kugeuza chumvi ya zebaki iwe zebaki yenyewe ambayo inapaa kama mvuke, sasa hapo imetoka kwenye udongo imeingia hewani unakovuta wewe na watoto.

Sio kwamba sayansi hii ni uongo, hapana. Pale Rifle, Colorado, Marekani, mwaka 2002 walipiga asetiti (chumvi ya asidi ya siki) chini ya ardhi kuwalisha bakteria wa Geobacter ambao tayari walikuwepo humo humo, na urani, metali yenye mionzi, ikapungua kwenye maji ya chini ya ardhi, ila baadaye bakteria wengine wakashika nafasi na urani ikaanza kupanda tena. Na hao ni watu wenye visima vya kupimia kila kona, sio chupa ya mnadani.

Kinachonitisha zaidi ni huo mpunga. Kwenye jaruba lenye maji yaliyotuama oksijeni inaisha, na baadhi ya bakteria wanaoishi humo wanageuza zebaki kuwa methili zebaki, sumu ya ubongo ile iliyoua watu Minamata kule Japani kupitia samaki, na mpunga nao unaipandisha mpaka kwenye punje.

Hela ya chupa peleka sampuli ya udongo kwa Mkemia Mkuu, wana ofisi Mwanza, waambie wapime zebaki na risasi pia. Mchicha panda kwenye viroba vya udongo uliotoa mbali, lakini kama jirani bado kuna mtu anachomea zebaki hata viroba havisaidii sana, majani yanainyonya hewani. Mpunga usiweke kabisa mpaka majibu yatoke.