Jibu: Makengeza ya mtoto wa miaka 3, tusubiri akue?

Dada wa Masasi, unasema bibi yake anashauri msubiri, makengeza yataondoka yenyewe. Usisubiri, nakuomba. Macho ya kichanga huweza kuyumba miezi ya mwanzo kisha yakatulia, lakini mtoto wa miaka 3 ni habari nyingine. Ubongo huzoea kulipuuza jicho lililopinda, na uoni wake hufifia hata kama jicho lenyewe halina ugonjwa.

Mwanangu naye alikuwa nayo; tulianzia hospitali ya Ligula hapa Mtwara, tukapewa rufaa ya Dar. Kwanza miwani, kisha kuziba jicho zuri saa kadhaa kila siku ili lile dhaifu lifanye kazi. Alikuwa akibandua plasta na kuificha chini ya mkeka! Wapo wanaonyooka kwa miwani tu. Wangu alihitaji upasuaji. Mtoto hulazwa usingizi kwa dawa. Jicho halitolewi mahali pake, hofu yangu kubwa ilikuwa hiyo. Daktari hulegeza au kukaza misuli inayolivuta. Jicho lilibaki jekundu wiki kadhaa. Wengine hurudia upasuaji, na miwani huenda ikaendelea.

Ila ukiona mboni inang'aa nyeupe, hata pichani, mpeleke mara moja: inaweza kuwa saratani ya jicho.