"Hadithi Imetufundisha Nini?" Swali Linalofukuza Watoto Vitabuni

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba alinunua vitabu kumi vya watoto, akapanga kuwasomea wanawe nusu saa kila usiku, na kufikia wiki ya pili mkubwa, mwenye miaka 7, akawa anajifanya amelala. Mdogo, wa miaka 3, anamnyang'anya kitabu na kukimbia nacho. Anauliza kama Mungu amempa watoto wasiopenda vitabu. Hapana. Ila ratiba hiyo ingemchosha hata mtu mzima, na kuna sentensi moja katika ujumbe wake inayoeleza mengine yote: "Kila ukurasa nahakikisha wameelewa."

Nitaifikia. Kwanza muda. Nusu saa ni nyingi mno kwa kuanzia. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka anatosheka na dakika 2 au 3, mara kadhaa kwa siku. Wa miaka 2 hadi 3 mpe dakika 5 hadi 10, wa miaka 4 hadi 6 dakika 10 hadi 15. Aliyefika miaka 7 anaweza kusikiliza sura nzima ya dakika 20, mradi hadithi imemnasa. Faida ya usiku ni kwamba mambo yake hufuatana yenyewe: mswaki, nguo za kulalia, taa. Kitabu kipenyezwe humo, nusu saa kabla ya saa ya kawaida ya usingizi. Mtoto anayesinzia kwenye ukurasa wa pili umemchelewesha, na anayelialia na kugombania mto umemchelewesha zaidi. Jioni zisiposhikika, soma asubuhi. Siku ikikupita, imepita. Usilipe deni kesho yake kwa dakika 40. Na kamwe usiseme "ukifanya fujo leo hakuna hadithi." Ukishakigeuza kitabu kuwa fimbo, usishangae mtoto akikikimbia.

Kabla ya kukaa naye, pitia kitabu peke yako kimoyomoyo. Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, kwa kuwa karatasi za kiwandani hukunjwa katika mafungu ya kurasa 8 au 16, kwa hiyo kazi hiyo haizidi dakika 4. Tafuta sentensi itakayokukata pumzi, mahali msemaji anapobadilika, na neno moja au mawili utakayolazimika kuyaeleza. Kiswahili kina mtego wake hapa. Neno kama "walipomkaribisha" limebeba nani, lini na kwa nani kwa mkupuo mmoja. Ukilivamia bila kujiandaa utalivunja katikati, na mtoto hatajua tena nani kamfanya nini nani.

Kuigiza si lazima. Sauti mbili zinatosha, ya msimulizi na ya mhusika mmoja. Ukiwapa wahusika watano sauti tano utazichanganya kabla ya nusu ya kitabu, na mtoto ndiye atakayekusahihisha, tena kwa hasira. Kinachoharibu zaidi ni kasi. Chukua ukurasa wenye maneno kama 100, usome kwa sauti huku ukitazama saa. Ukimaliza chini ya sekunde 50, unakimbia. Lenga dakika moja au zaidi kidogo. Kwenye nukta, simama muda wa kuvuta pumzi. Ukifunua ukurasa mpya, nyamaza hadi uhesabu 3 moyoni. Watafiti waliofuatilia macho ya watoto wasiojua kusoma wamekuta kwamba huyakaza kwenye picha karibu wakati wote, maandishi huyatazama kwa nadra sana. Picha ndiyo anayoisoma yeye, na ukianza na maneno papo hapo unamkatiza. Kupitisha kidole chini ya mstari humvuta aone herufi, lakini fanya hivyo kwenye jina la kitabu na kwenye kibwagizo tu. Kila mstari ukiufuata kwa kidole, hadithi inakuwa somo.

Mkao hauna mengi. Mtoto mchanga huona vizuri kilicho sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni, na kitabu chake kiwe cha kurasa ngumu maana atakitafuna. Watoto wawili, kila mmoja upande wake, mwanga utokee nyuma ya bega lako. Asiyetulia mpe kitu cha kushika, vibao vya kujengea au karatasi na penseli. Anasikia, masikio hayamo makalioni.

Sasa maswali, na ile sentensi ya "nahakikisha wameelewa." Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio ambamo wazazi wa watoto wa miaka 2 hivi walifundishwa kumwachia mtoto sehemu kubwa ya usimulizi: kumuuliza maswali yasiyo na jibu la ndiyo au hapana, kisha kulirefusha jibu lake. Baada ya mwezi mmoja watoto hao walikuwa mbele kwa kujieleza, ingawa wenzao nao walisomewa mara nyingi vilevile kwa njia ya kawaida. Mbinu yenyewe ni nyepesi. Mtoto anasema, "Mbwa." Wewe unasema, "Ndiyo, mbwa mweusi, amelowa chapachapa. Unadhani ametoka wapi?" Unanyamaza sekunde 5, ambazo mzazi huziona kama saa nzima. Akijibu "majini," unasema, "Ametoka majini," na mnaendelea. Akikaa kimya, jibu mwenyewe, usimkazie macho. Maswali 2 au 3 kwa kitabu kizima yanatosha, na mara ya kwanza mnapokisoma, hata moja halihitajiki.

Hilo ni swali la mazungumzo. "Sungura alikuwa na rangi gani? Nimesema aliitwa nani?" ni mtihani, kwa sababu muulizaji analijua jibu na mtoto anajua kwamba analijua. Mbaya kuliko yote ni lile la mwisho wa kitabu, "hadithi imetufundisha nini?" Wa miaka 3 hawezi kulijibu, bado anafikiria mkia wa mbwa. Wa miaka 7 analiweza kupita kiasi: ameshajua unachotaka, atakwambia "tuwatii wazazi" hata kama hadithi ilihusu mwezi, ili mradi aachiliwe. Ukifunga kitabu, funga na mdomo. Linalomgusa ataliuliza mwenyewe, pengine kesho akiwa anaoga.

Na wakitaka kitabu kilekile usiku wa tisa mfululizo? Soma. Jessica Horst na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha mwaka 2011 kwamba watoto wa miaka 3 waliosomewa hadithi zilezile mara kwa mara walijifunza maneno mapya zaidi kuliko waliosomewa hadithi mbalimbali zenye maneno yaleyale. Usiruke kurasa, watakukamata. Ukichoka, acha neno la mwisho la sentensi likining'inia, walimalizie wao.

Huyo wa miaka 7 ana tatizo lake. Wazazi wengi huacha kumsomea mtoto akishajua kusoma, ilhali uwezo wake wa kuelewa anachosikia bado uko mbali mbele ya uwezo wake wa kusoma. Msomee kitabu kinachomzidi umri kwa mwaka mmoja au miwili, sura moja kila usiku, na ukate pale mlango unapogongwa, kabla haujafunguliwa. Akitaka kusoma naye, yeye asome aya, wewe ukurasa. Akikwama, subiri sekunde 3, kisha mpe neno. Kumwambia atamke silabi moja moja katikati ya hadithi ni kumwaibisha mbele ya mdogo wake.

Kwa wote wawili pamoja, anza na kitabu kifupi cha mdogo, dakika 5, halafu cha mkubwa. Mdogo abaki au aondoke, hiari yake. Katika vile vitabu kumi, ficha vinne. Sita viegeshe majalada yakitazama mbele, kwenye kimo cha mikono ya mdogo, na ubadilishe viwili baada ya wiki mbili.

Na mdogo akikimbia na kitabu, mwache. Usimwite. Chukua kingine, endelea kumsomea mkubwa kwa sauti ileile. Atachungulia mlangoni, atasogea, kisha atakuja na chake mkononi akitaka hicho ndicho kisomwe sasa.