Kabla hujauliza nyuzi za gitaa za kampuni gani

Kila anayeanza gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, huniuliza swali lile lile: "Mwalimu, nyuzi za kampuni gani ndiyo kiboko?" Nikimrudishia maswali yangu, gitaa lako ni la nailoni au la waya, sasa hivi limefungwa nyuzi za unene gani, unapiga kwa vidole au kwa piki, kile kipande kidogo cha plastiki cha kucharazia, mara nyingi anabaki kunitazama. Kwangu mimi kampuni ni jambo la mwisho kabisa. D'Addario, Martin, Elixir, Ernie Ball, wote hao wanatengeneza nyuzi nzuri. Gitaa likikutesa, ujue nyuzi hazikupatana na sanduku lake, na vidole vyako, au na hewa ya mahali unapoishi.

Tuanze na sanduku, maana hapa ndipo magitaa yanapouawa. Magitaa kavu yapo ya namna mbili, na ukiyaona yametundikwa dukani utadhani ni kitu kimoja. Lile la nailoni, la Kihispania, lina shingo pana, kama milimita 52 pale kwenye nati, kijiti chenye mifereji ya nyuzi kati ya shingo na kichwa. Kichwa chake kwa kawaida kina matundu mawili marefu katikati, na nyuzi zake zimefungwa kwa fundo kwenye daraja, kile kibao kilichogandishwa juu ya sanduku. La waya shingo yake ni nyembamba zaidi, milimita 43 au 44 hivi, na kwenye daraja nyuzi huingia shimoni na kubanwa na pini sita. Ukiona pini, ni la waya. Ukiona mafundo, ni la nailoni, na tafadhali usilifunge waya hata kama rafiki yako amekuhakikishia kwamba yeye alifunga na hakuna kilichotokea.

Sababu yake ni mzigo. Seti ya waya ya unene wa kawaida, ikishakazwa hadi sauti zake, inalivuta daraja kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70 kwa jumla. Seti ya nailoni huzunguka kwenye kilo 40. Gitaa la nailoni limeundwa kwa ubao mwepesi wa juu, na mengi hayana ile fimbo ya chuma inayopita ndani ya shingo. Lifunge waya, uliache kwenye joto la chumba cha bati, na baada ya muda utaona ubao umevimba nyuma ya daraja, daraja lenyewe limeanza kunyanyuka kisogoni, na nyuzi zimepanda juu mbali na shingo. Nimeletewa magitaa ya hivyo mara nyingi, na kila mwenye nalo anaapa kwamba aliuziwa bovu. Kinyume chake, nailoni kwenye gitaa la waya, haiharibu kitu. Mlio tu unakuwa wa kunong'ona.

Wala usidhani nailoni ni ya watoto. Wapigaji wakubwa wa muziki wa Kihispania walitumia nyuzi za utumbo wa wanyama hadi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Zilipokuwa adimu, fundi Albert Augustine wa New York akatengeneza za nailoni, na Andrés Segovia, mpiga gitaa mashuhuri wa Hispania, akazikubali. Kama vidole vyako vinauma mno na huna haraka ya kupiga kwa kishindo, gitaa la nailoni ni njia halali kabisa ya kuanzia. Kuanzia hapa lakini nazungumzia waya, kwa sababu ndilo gitaa lililojaa makanisani, mashuleni na vibarazani kwetu.

Sasa unene. Namba unayoiona kwenye pakiti, 10, 11, 12 au 13, ni kipenyo cha uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, kwa elfu za inchi. Kwa hiyo 12 ni inchi 0.012, karibu milimita 0.3. Pakiti ikiandikwa 12-53, namba ya pili ni ya uzi wa sita, ule mnene. Tofauti kati ya uzi wa 10 na wa 13 haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, na ukiishika mikononi huioni. Lakini uzi ukiwa wa urefu ule ule na sauti ile ile, mvuto wake hupanda kwa mraba wa kipenyo. Piga hesabu: uzi wa kwanza wa 13 unavuta karibu asilimia 70 zaidi ya ule wa 10. Hata kutoka 11 kwenda 12 ni nyongeza ya asilimia 19. Vidole vyako vinailipa hesabu hiyo kila unapobana kodi ya F, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni 11-52. Watu watakwambia nunua 10 kwa sababu ni laini, na kweli ni laini, ila kwenye gitaa la sanduku kubwa mlio wake ni wa bati, na ukilicharaza kwa nguvu kidogo nyuzi zinagonga freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, na kukereza. Mwanafunzi anasikia ule mkerezo anadhani ni mkono wake. Nyuzi za 11 zinakuachia vidole na bado sanduku linasema. Baada ya miezi kadhaa, ngozi ikishakomaa, hamia 12-53. Hiyo ndiyo seti ambayo magitaa mengi ya waya yanatoka nayo kiwandani. Seti ya 13-56 mimi huipendekeza kwa mtu mmoja tu: anayecharaza kwa piki mbele ya kwaya kubwa bila kipaza sauti, kwenye gitaa lenye afya. Gitaa la zamani lililokwisha kuinama, galatoni ya babu kwa mfano, yaani yale magitaa ya kale ya Gallotone kutoka Afrika Kusini, usilipe 13 kamwe. Lipe 10 au 11 liishi.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi, nalo ni gitaa dogo, lile la robo tatu wanalonunuliwa watoto. Mzazi anasema, mtoto mdogo, gitaa dogo, basi nyuzi nyembamba kuliko zote. Lakini uzi mfupi tayari umelegea. Gitaa kubwa lina urefu wa uzi wa kama milimita 645 kutoka nati hadi sadoli, kile kijiti kinachobeba nyuzi juu ya daraja. Hilo dogo lina kama 580. Kwa sauti ile ile, seti ile ile inavuta karibu asilimia 20 pungufu kwenye gitaa dogo. Ukiweka 10 humo, nyuzi zinayumba kama kamba ya kuanikia nguo na sauti haitulii. Weka 12; mtoto hataumia, na gitaa litakaa kwenye sauti.

Kabla hujalaumu nyuzi, chukua rula. Pima nafasi kati ya freti ya kumi na mbili na uzi wa sita. Milimita mbili na nusu ni sawa. Ukikuta nne, hakuna nyuzi duniani zitakazokusaidia. Mpelekee fundi achonge sadoli, kazi ya muda mfupi tu. Kama fundi yuko mbali, kuna ujanja ambao kwaya nyingi hazijui: shusha nyuzi zote sita nusu toni, kisha funga kapo, kibano kinachobana nyuzi zote kwa pamoja, freti ya kwanza. Umerudi kwenye sauti ile ile ya wenzako, lakini mvuto umepungua kama asilimia 11, na nati, ambayo mara nyingi ndiyo chanzo cha ugumu wa kodi za chini, umeiruka. Wanafunzi wawili watatu waliokuwa wameshatundika gitaa ukutani niliwarudisha kwa njia hiyo.

Aina ya madini nitaipitia haraka, kwa sababu mabishano yake ni mengi kuliko faida. Nyuzi nne nene za gitaa kavu zina kiini cha chuma kilichozungushiwa waya wa shaba iliyochanganywa. Ile inayoandikwa 80/20 ni shaba asilimia 80 na zinki asilimia 20, ya rangi ya njano. Inang'ara sana siku za mwanzo, kisha inafifia upesi. Ya fosfa, ambayo D'Addario waliiingiza sokoni mwaka 1974, ina shaba zaidi na bati kidogo, rangi yake inaelekea wekundu, na mlio wake ni wa joto na unadumu zaidi. Mimi huchukua ya fosfa bila kufikiri mara mbili. Zipo pia zenye hariri ndani, laini mno, nzuri kwa gitaa la kale na kwa mtu anayejipigia mwenyewe usiku.

Mtindo wako nao una neno. Kama unataka ule upigaji wa vidole viwili wa Jean Bosco Mwenda wa Katanga, kusini mwa Kongo, yule ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, sikiliza namna dole gumba linavyotembeza besi huku kidole cha shahada kikiimba juu yake. Pande zote mbili lazima zisikike wazi, bila moja kuimeza nyingine. Nyuzi nene kupita kiasi zinaifanya besi ivume na kuufunika wimbo. Hapo 11 au 12 za fosfa zinatosha, na zikiwa zimeshapigwa siku chache, ule ukali wa upya umepungua, zinakuwa tamu zaidi. Wanaofuata omutibo, mtindo wa gitaa wa George Mukabi wa magharibi mwa Kenya, ninawashauri vivyo hivyo. Anayecharaza mapambio kwa piki, yeye aende 12 na asirudi nyuma.

Nije kwenye hewa, maana ushauri mwingi wa kwenye mtandao umeandikwa na watu wanaolalamikia ukavu wa majira yao ya baridi. Sisi wa pwani, Tanga, Mombasa, Unguja, tuna adui tofauti: unyevu, chumvi na jasho. Nyuzi mbili za kwanza, ambazo hazikuzungushiwa kitu, hupata kutu. Zile nne hugeuka rangi na kujaa uchafu kwenye mizunguko yake. Seti ambayo mtu wa Iringa anakaa nayo miezi mitatu, mtu wa Tanga mwenye mikono ya jasho anaimaliza ndani ya mwezi. Hapa ndipo nyuzi zenye utando zinapojilipa. Elixir, bidhaa ya W. L. Gore, kampuni ile ile ya kitambaa cha Gore-Tex, ndio waliozieneza tangu miaka ya 1990. Leo karibu kila kampuni inazo. Bei yake mara nyingi ni kama maradufu ya nyuzi za kawaida, na mlio wake wa siku ya kwanza haung'ari sana. Lakini kwa mtu wa pwani anayepiga kila Jumapili ndizo za bei nafuu, kwa sababu zinadumu zaidi ya mara mbili.

Kama mfuko hauruhusu, nawa mikono kabla ya kupiga na ufute nyuzi kwa kitambaa kikavu baada ya kupiga, juu na chini yake. Kitambaa cha pamba cha fulana chakavu kinatosha. Kuchemsha nyuzi kuukuu, kama vijana wengi wanavyofanya, kunaondoa mafuta na uchafu kwenye zile nne nene na kukupa siku chache za uhai. Kutu ya zile mbili za kwanza haichemki ikatoka.

Dukani, angalia mambo mawili. Kwanza, usiuziwe seti ya gitaa la umeme. Itaingia, itakaa, na gitaa litalia kinyonge, kwa sababu waya wake umezungushiwa nikeli. Dalili rahisi ni uzi wa tatu: kwenye seti ya gitaa kavu umezungushiwa waya, kwenye ya umeme mara nyingi ni mtupu, na ukiuweka kwenye gitaa kavu utakuwa unapishana na sauti kila unapopanda freti. Nyuzi za kwanza na za pili hazina tofauti, zote ni chuma kitupu, kwa hiyo ukikatikiwa na wa kwanza Jumamosi jioni na duka lina ya umeme peke yake, nunua ya unene ule ule bila wasiwasi. Pili, pakiti bandia ni nyingi. Nyuzi halisi za D'Addario za gitaa kavu zina shanga za rangi mwishoni: fedha, zambarau, kijani, nyeusi, nyekundu na dhahabu, kuanzia uzi wa kwanza hadi wa sita. Rangi zinaweza kuigwa, ila bandia nyingi huchapwa vibaya hata maandishi ya pakiti, na bei yake inakuambia ukweli kabla ya yote.

Ukibadilisha unene, gitaa litahisi. Kutoka 12 kwenda 10, shingo inarudi nyuma kidogo na nyuzi zinaweza kuanza kukereza. Kutoka 10 kwenda 13, uzi unaweza kubanwa na mfereji wa nati, ukakaza ukasikia "ting" na sauti ikaruka. Suguasugua mfereji kwa ncha ya penseli. Ikiendelea, fundi aupanue. Na uzi ukikatika, usitupe kabla hujaangalia umekatikia wapi. Ukikatikia mahali pale pale kila mara, sadolini kwa mfano, kuna ncha kali pale, na utanunua seti baada ya seti hadi itakapopigwa msasa laini.

Mimi kila ninaponunua seti huongeza nyuzi mbili za kwanza na moja ya pili, za unene ule ule, huzitia kwenye bahasha ndogo ndani ya begi la gitaa, na juu yake huandika namba ya unene na tarehe niliyofunga seti iliyopo.